Funga mchoro kwanza, ndipo uuinue

Nilijifunza kuchora vipuri kwa kompyuta usiku baada ya kazi, chumbani kwangu Mabibo, kwa kutumia FreeCAD. Ni programu ya bure, ukishaipakua haihitaji bando, na toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024. Kwa anayeanza inatosha kabisa.

Wadogo zangu wanaoniuliza huanza na vitufe. Vya msingi ni vichache: unachora umbo bapa, unaliinua lipate unene, unachimba tundu, au unalizungusha kwenye mhimili likatoka kama chuma kilichokerezwa. Hayo utayashika ndani ya siku chache. Kazi iko kwenye ule mchoro bapa, kabla hujainua chochote.

Kipuri changu cha kwanza cha kweli kilikuwa flanji ya pampu ya maji, yaani bamba la kuungia bomba, yenye matundu manne ya bolti. Tundu moja sikulifunga, yaani sikulipa vipimo vya kulishikilia mahali pake. Nilipokuwa navuta mstari mwingine kwa mausi likasogea milimita kama tatu, nami sikuona. Nikachapa mchoro kwa ukubwa wake halisi, nikaupeleka kwa fundi chuma, mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Fundi akabandika karatasi juu ya chuma, akapiga senta panchi, chuma chenye ncha cha kuachia kidonda, kwenye kila alama, akatoboa. Nyumbani bolti tatu ziliingia, ya nne ikagoma. Fundi hana kosa, alifuata karatasi. Chuma kile kiliniuma sana, maana nilikinunua kwa hela ya wiki nzima.

Kwa hiyo jifunze kuhesabu uhuru wa mchoro. Duara moja linaweza kwenda kushoto na kulia, kupanda na kushuka, tena kutanuka na kusinyaa. Ni mambo matatu, na kila moja linataka kufungwa kwa kipimo au kwa kuegemezwa kwenye kitu kingine. Programu yenyewe inakuonyesha umebakiza mangapi, na yakiisha mchoro unageuka kijani. Usiinue kabla ya kijani, hata kama umbo linapendeza machoni.

Na matundu manne usiyachore manne. Chora moja, lifunge, kisha iamuru programu ilirudie kuzunguka kitovu. Kuviringisha kona acha mwisho kabisa, kwa sababu ukibadilisha umbo la chini baadaye, kona hizo ndizo huharibika kwanza.

Mazoezi yatafute nyumbani. Nunua kalipa, kile kifaa cha kupimia vipenyo na unene, Kariakoo, pima kifuniko cha dumu au bushi ya mashine ya kukamua miwa, uchore kitu hichohicho. Gia ziache kwanza. Ukimaliza, rudi kwenye mchoro wa mwanzo, badilisha kipimo kimoja tu, mathalani kipenyo cha nje, halafu tazama tundu la katikati. Likihama, kuna mahali hujafunga. Rudi ukatafute usiku huohuo, kabla karatasi haijafika kwa fundi.