Wewe unayehangaikia lafudhi ya Kiingereza, hebu soma hii kwanza

Nafundisha watu wazima Kiingereza kwa njia ya video, wengi wanajiandaa na intavyuu au mtihani, na karibu kila anayekuja mara ya kwanza ana ombi lile lile, mwalimu nataka niongee kama Mwingereza, au kama Mmarekani wa kwenye muvi. Huwa namwambia mapema kabisa kwamba hiyo sifundishi, na leo nataka nieleze kwa nini, maana watu wanamaliza hela na muda kwenye lafudhi halafu vile vinavyowaangusha kweli hawavigusi hata kidogo.

Kwanza, utaongea na nani? Wanaotumia Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu ni wengi kuliko waliozaliwa nacho, mwanaisimu David Crystal alishakadiria kama watatu kwa mmoja. Kwa hiyo mtu utakayekutana naye kwenye simu ya kazi anaweza kuwa Mkorea, Mbrazili au Mturuki, naye kakisomea darasani kama wewe tu. Huyo hana shida na London yako, anataka akuelewe mara moja basi. Hata marubani, ICAO, ambao ndio shirika la kimataifa la usafiri wa anga, wanataka rubani wa safari za kimataifa afike angalau daraja la 4 kati ya 6, na kwenye daraja hilo matamshi yenye athari za lugha ya nyumbani yanakubalika, ilimradi yasizuie kueleweka isipokuwa mara moja moja. Kama mtu anayeshusha ndege hadaiwi lafudhi ya Kiingereza cha Uingereza, wewe unayeomba kazi ya uhasibu unadaiwa na nani? Na Baraza la Ulaya, wenye vile viwango vya kupima lugha vya A1 mpaka C2, toleo lao la 2018 wakaondoa kabisa ile habari ya kumpima mwanafunzi kwa kumlinganisha na mzawa wa lugha.

Sasa cha kushughulika nacho ni nini. Mwaka 2000 mwanaisimu Jennifer Jenkins alitoa utafiti kuhusu matamshi pale wanapoongea watu ambao wote Kiingereza si lugha yao ya kwanza, akaangalia ni makosa gani yanavunja mawasiliano na yapi hayana madhara. Ile sauti ya th ambayo walimu dunia nzima wanaisumbukia, akaiweka kwenye yasiyo na madhara. (Sisi bahati nzuri tunayo tayari, anayesema thelathini na dhahabu vizuri hana cha kujifunza hapo.) Miongoni mwa vilivyoonekana vinahitajika ni urefu wa irabu, konsonanti zinazofuatana mwanzoni mwa neno, na mahali unapoweka mkazo kwenye sentensi.

Hayo yote matatu yanatuhusu sisi moja kwa moja. Kiswahili kina irabu tano, Kiingereza cha Uingereza kikihesabiwa na zile za kuunganika, yaani mbili zinazotamkwa kama moja, zinafika kama ishirini, ndiyo maana "live" na "leave" zikitoka mdomoni mwetu zinakuwa kitu kimoja, anayesikiliza hajui unaishi hapo au unaondoka. Konsonanti tunazipenyezea irabu katikati, "spring" inageuka sipiringi. Lakini mkazo wa sentensi ndio ningekuomba ukae nao muda mrefu kuliko vyote, kwa sababu sisi tukitaka kukazia jambo tunabadilisha sentensi yenyewe, tunasema ni yeye aliyelipa, wakati Mwingereza anaacha maneno pale pale yalipo anapandisha sauti tu kwenye "he". Usipoijua hiyo unaongea sentensi nzima kwa kimo kimoja na mwenzio anabaki hajui jambo lenyewe liko wapi.

Nikupe mfano wa darasani. Tulikuwa tunafanya intavyuu ya mazoezi, mwanafunzi mmoja kaulizwa kama zamu za usiku anaziweza, akajibu "I can work at night", ile "can" kaikandamiza kweli kweli ili aonekane ana uhakika. Kwenye sikio la Kiingereza "can" ya kukubali huwa inamezwa, inatoka fupi haraka haraka na nguvu inaenda kwenye "work", "can" ikitamkwa kwa nguvu hivyo mtu anasikia "can't", maana t ya mwishoni mara nyingi haisikiki. Yaani kakataa kazi na yeye anajua kaikubali! Nikamwambia agonge meza kila anapofika kwenye kitenzi, siyo kabla, akagonga akagonga mpaka "can" yenyewe ikaanza kusinyaa. Muda wote huo lafudhi yake ilibaki ile ile ya kwao na hakuna aliyekuwa na haja ya kuigusa.

Mkazo wa ndani ya neno moja moja Jenkins hakuuingiza kwenye orodha yake ya lazima. Mimi kwa wasemaji wa Kiswahili nauingiza, kwa sababu lugha yetu karibu kila neno mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho na tunaibeba tabia hiyo kila mahali, "comfortable" inakuwa komfotebo yenye mkazo kwenye te. Ukitaka kujipima washa ile sehemu ya simu ya kuandika kwa sauti, soma aya moja, angalia imeandika nini, afu tuma voisi hiyo hiyo kwa mtu asiyejua Kiswahili akuandikie alichosikia. Mashine peke yake usiiamini, baadhi ya lafudhi haijazizoea.

Kuhusu sarufi, tafadhali angalia kitabu chako kimeandikwa lini. Mwanaisimu Geoffrey Leech na wenzake walilinganisha maandishi ya 1961 na ya miaka ya 1990 mwanzoni wakakuta "shall" na "must" zimepungua wazi kabisa, na bado kuna watu wanakaririshwa "I shall" kana kwamba usipoisema umeharibu. "They" kwa mtu mmoja ipo tangu karne ya 14, na mwongozo wa uandishi wa APA, chama cha wanasaikolojia wa Marekani, uliikubali rasmi kwenye toleo la saba 2019, ila vitabu kibao bado vinaipiga mkasi. Maneno nayo hayatoki upande mmoja, Januari 2020 kamusi ya Oxford iliingiza maneno 29 ya Kiingereza cha Nijeria kwa mpigo. Walimu wenzangu, kabla ya kalamu nyekundu mwambie mwanafunzi kama hii ni kanuni au ni mapendeleo tu, kwa sababu nakutana na watu wazima wenye msamiati mkubwa kabisa ambao mdomo hawafungui, waliwahi kuchekwa mbele ya darasa kwa kitu ambacho hata kosa hakikuwa, na hilo linaniuma sana.

Kwenye mtihani mambo ni tofauti kidogo, pale fuata wanachotaka. IELTS kwa mfano, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, wanapokea tahajia ya Uingereza na ya Marekani, chagua moja usiichanganye na nyingine.

ChatGPT na ndugu zake tumia, ila andika mwenyewe kwanza ndipo uombe ikusahihishe na ikupe sababu. Barua iliyoandikwa na mashine mwanzo mwisho utaulizwa maswali yake kwenye intavyuu na hapo mashine haipo.

Na kama muda wako ni mdogo, usiokote maneno magumu ya mitandaoni. Ipo orodha inaitwa New General Service List, ilitoka 2013, maneno kama 2,800 ambayo yanabeba takriban asilimia 92 ya maandishi ya kawaida ya Kiingereza, kuipakua ni bure. Pita nayo kwa sauti, kila neno jaribu kulitungia sentensi papo hapo bila kuandika, yale utakayokwama nayo yawekee alama, somo lako la wiki hii lianzie hapo.