Mein swichi inayoshuka kila inaponyesha

SWALI: Assalamu alaykum. Tangu masika yaanze, umeme wa nyumba yetu hujikata wenyewe, hasa usiku wa mvua, ilhali kwa majirani unawaka. Tukiipandisha mein swichi, mara hushuka papo hapo, mara hukaa hadi asubuhi. Fundi ameshauri tutoe breka ya soketi ya ampia 20 tutie ya 32. Je, tumfuate?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Wa alaykumu s-salaam. Breka hiyo msiibadilishe. Ikiwa soketi zenu zimevutwa kwa waya wa milimita 2.5 za mraba, kama ilivyo katika nyumba nyingi, breka ya ampia 32 itauacha waya upate moto ndani ya ukuta bila ya kushuka. Isitoshe, ugonjwa hauko hapo. Breka ndogo hushuka kwa shoti, nayo ni ya ghafla, au kwa kuzidiwa, ambako huchukua muda: pasi ya wati 2000 na birika la wati 2200 kwa pamoja hula ampia 18 hivi kwenye volti 230, na mkiongeza hita ya maji mtaivuka 20. Nyinyi mwasema kinachoshuka ni mein swichi, tena wakati wa mvua.

Itazameni kama ina kitufe kidogo chenye herufi T. Ikiwa kipo, swichi hiyo hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na zile za kumkinga mtu huanguka pale tofauti hiyo, yaani umeme unaovuja, ikifika miliampia 30, kiasi ambacho unyevu ndani ya taa ya barazani, pampu ya kisima au soketi ya ukuta unaovuja waweza kukipitisha kwa urahisi. Hewa yetu ya chumvi nayo husaidia kuharibu maungio.

Chomoeni plagi zote kutoka kwenye soketi. Kuzima tu hakutoshi, kwa kuwa swichi ya soketi mara nyingi hukata waya wa moto peke yake, na uvujaji waweza kupitia waya wa nyutro, yaani ule wa kurudishia umeme. Shusheni breka zote ndogo, pandisheni mein swichi, kisha breka moja moja. Ile itakayoiangusha ndiyo yenye njia mbovu. Iacheni chini hadi fundi aje. Zikipanda zote salama, rudisheni plagi moja baada ya nyingine. Ikianguka hata breka zote zikiwa chini, huenda nyutro imegusana na ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, mahali fulani, na hapo fundi hana budi kupima nyaya kwa mega, chombo cha kupimia kama ganda la waya bado lazuia umeme usivuje. Njia inayoonesha chini ya megaohmu 1 ishughulikiwe. Kipimo kifanyike nyumba ikiwa bado na unyevu, kwani kiangazi kosa hujificha. Soketi iliyolowa au inayonuka kuungua msiiguse kabisa.

Wako mafundi ambao, wakichoshwa na kazi hii, huukata waya wa ethi. Mein swichi hutulia kweli, lakini umeme uliokuwa ukivuja hubaki kwenye bodi la friji au la pampu, ukimngoja mtu aliye miguu mitupu kwenye sakafu ya maji. Fundi akipendekeza hivyo, tafuteni mwengine.

Kosa likishaondolewa, bonyezeni kitufe cha T umeme ukiwapo. Swichi isiposhuka, ni mbovu na ibadilishwe.