Dawa ya mstari wa kwanza si dawa nyepesi zaidi

Wenzangu mnaoanza kazi katika vituo vya afya, mtakuta istilahi moja karibu katika kila sura ya mwongozo wa matibabu, na wengi wetu tuliishika vibaya tangu chuoni: dawa ya mstari wa kwanza, au chaguo la kwanza. Nilipoanza kazi nilidhani mistari inapanga dawa kwa ukali, ya kwanza ikiwa nyepesi na ya pili ya waliozidiwa, ndiyo maana mgonjwa mwenye malaria isiyo kali aliponidai sindano, nilikosa la kumjibu zaidi ya kumwambia kwamba ndivyo mwongozo unavyosema.

Istilahi hiyo hutaja tiba ambayo, kwa ugonjwa fulani na mgonjwa wa aina fulani, imethibitika kutibu vizuri huku madhara, gharama na upatikanaji wake vikikubalika, na nafasi hiyo hubadilika. Nchini Tanzania klorokwini iliondolewa katika nafasi hiyo mwaka 2001 kwa sababu vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea, ikafuata SP (vidonge vya sulfadoksini na pirimethamini), kisha dawa mseto ya ALu (artemetha na lumefantrini) ikaanza kutumika mwishoni mwa mwaka 2006. SP yenyewe haikutupwa, kwani wajawazito bado huimeza kliniki kama kinga. Malaria kali nayo ina chaguo lake, yaani sindano ya artesuneti, iliyoiondoa kwinini. Hata mjamzito aliye katika miezi mitatu ya kwanza, ambaye kwa miaka mingi alipewa kwinini, alipendekezewa ALu na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022, kwa hiyo tazameni kwanza mwaka wa chapa wa mwongozo ulio mezani. Mnapoandika au kusema "mstari wa kwanza", tajeni ni wa ugonjwa gani na kwa mgonjwa yupi.

Uangalifu mkubwa zaidi unahitajika katika kliniki za VVU, ambako mtu akisikia amehamishiwa mstari wa pili huona kama amesomewa hukumu. Kabla ya kufika huko, ulizeni kwa upole namna anavyomeza dawa zake, mpeni ushauri nasaha, na wingi wa virusi upimwe tena, kwa maana mara nyingi kilichokwama ni umezaji. Ikibidi kumhamisha, mimi humwambia hivi: virusi vyako vimezizoea dawa zile, sasa tunatumia nyingine ambazo havijazizoea.