Unayeanza Kusoma Historia ya Bolivia, Anzia Mgodini

Nilipoanza kusoma historia ya Bolivia nilianzia tarehe 6 Agosti 1825, siku ya uhuru, kisha nikajitahidi kukariri marais waliofuata. Walipinduana mno hata daftari langu likajaa majina nisiyoweza kuyahusisha na jambo lolote. Wewe anzia mwaka 1545, Wahispania walipoanza kuchimba fedha katika mlima wa Potosí, kwa kuwa mengi yaliyofuata yana mizizi humo. Miaka ya 1570, Francisco de Toledo, mwakilishi wa mfalme, aliupanga upya mfumo wa shokoa ulioitwa mita, uliowalazimisha wanaume wa vijiji vya milimani kupokezana kazi mgodini. (Neno hilo ni la Kikechua, lugha ya wenyeji wa milima hiyo, maana yake zamu, usilichanganye na kipimo cha urefu.)

Wanafunzi wengi hukaa sana kwenye vita vilivyoanza mwaka 1879, ambavyo Chile iliinyang'anya Bolivia pwani yake. Ni habari ya kusikitisha, lakini nakushauri muda mwingi zaidi uutumie kwenye Vita vya Chaco dhidi ya Paraguay, vya 1932 hadi 1935. Wakulima wa Kiaymara na Kikechua, waliozoea baridi ya milimani, walipelekwa kwenye nyanda kame zenye joto kali, ambako wengi walikufa kwa kiu na maradhi; waliorudi walirudi katika nchi ambayo haikumruhusu asiyejua kusoma kupiga kura. Usipovielewa vita hivyo, mapinduzi ya Aprili 1952 yatakuonekania kama muujiza wa siku tatu, na hutaelewa kwa nini kura kwa wote, utaifishaji wa migodi mikubwa ya bati na mageuzi ya ardhi ya mwaka 1953 vilifuatana kwa haraka namna ile.

Jambo la mwisho lilinipotosha muda mrefu. Rais aliyetaifisha migodi mwaka 1952, Víctor Paz Estenssoro, ndiye aliyerudi madarakani mwaka 1985 na kutia saini amri namba 21060, iliyoondoa udhibiti wa bei na kubana matumizi ya serikali. Bei ya bati nayo ikaporomoka mwaka huohuo, na wachimbaji zaidi ya 20,000 wa migodi ya serikali wakapoteza kazi. Mimi nilidhani ni watu wawili wenye jina moja.