Mke wa Superman alibaki au alisepa?

SWALI: Anti shikamoo. Mume wangu alidondoka mnazi mwaka juzi, uti wa mgongo ukaumia, kuanzia kiunoni kwenda chini hasikii kitu. Mi nina miaka 34 na mtoto mmoja wa miaka mitatu. Mawifi wamekuja kuniambia hawatanilaumu nikiondoka, na mama yangu mzazi nae anasema hivo hivo. Sasa juzi saluni walikua wanabishana kuhusu yule mzungu aliyecheza Superman akaanguka na farasi, mmoja anasema mkewe alisepa na hela, mwingine anabisha. Nilinyamaza ila roho iliniuma. Ukweli ni upi? Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mama D, Tanga.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Huyo wa "alisepa na hela" anamsingizia marehemu. Christopher Reeve alianguka tarehe 27 Mei 1995 huko Virginia, Marekani, kwenye mashindano ya farasi, farasi aligoma kuruka kizuizi, jamaa akatangulia kichwa, shingo ikavunjika juu kabisa karibu na fuvu. Kuanzia hapo hana mikono hana miguu, hata pumzi ni ya mashine. Mkewe Dana alikua na miaka 34, mtoto wao anakaribia kutimiza mitatu. Ndo kama wewe, nimesoma barua yako mara mbili nikihisi umenitania.

Reeve alivozinduka akamwambia mkewe labda waniache tu niende. Dana alianza kulia, ila hakumkemea, alimjibu kwamba uamuzi ni wako na nitausimamia, ila ujue mi nipo na wewe safari yote, wewe bado ni wewe na nakupenda. Basi mzee akaacha habari za kufa.

Ila usijilinganishe nao kwa kila kitu, maana wale walikua na manesi usiku na mchana, na bado pesa iliwatoa jasho. Bima nyingi za kwao zilikua na kikomo cha kama dola milioni moja maisha yote, ikiisha utajijua. Reeve akaenda kupiga kelele kwa wabunge wa Marekani kikomo kipandishwe kifike milioni kumi, mwaka 1996 wakamkatalia, vikomo vile vimekuja kufutwa kwa sheria ya 2010 yeye keshazikwa. Kuna walemavu wenzie walimsema sana eti kila siku anaongelea tiba ya kutembea wakati watu wanataka njia ya kupitisha wilichea na kazi, na mi naona walikua na pointi. Lakini hapo ndo Dana alipoziba pengo, yeye kwenye taasisi yao ya waliopooza alianzisha misaada midogo midogo kwa vikundi vinavorahisisha maisha ya leo ya mgonjwa na familia, na 2002 kikafunguliwa kituo cha taarifa New Jersey ambacho mtu yeyote anapiga simu anauliza.

Reeve alifariki 10 Oktoba 2004, na hapa nisikilize vizuri: alikua na kidonda cha kulalia kilichoingia maambukizi, moyo ukasimama. Na manesi wote wale! Kwahiyo mgeuze mumeo kila masaa mawili akiwa kitandani, akiwa kwenye kiti ajiinue kwa mikono mara kwa mara, mkague makalio na visigino kila siku maana yeye maumivu hayasikii, ukiona wekundu usioondoka usisubiri. Dana mwenyewe alikufa Machi 2006 kwa kansa ya mapafu na hakuwahi kuvuta sigara, miaka 44 tu. Sheria ya utafiti na huduma kwa waliopooza, yenye majina yao wote wawili, Obama aliisaini 2009.

Kubaki au kuondoka sikuamulii, ila ukibaki usibaki peke yako, hao mawifi wenye huruma wapangie zamu ya kumgeuza usiku. Moshi kuna chama cha walioumia uti wa mgongo kinaitwa KASI, ulizia, wenye uzoefu watakuelekeza vitu ambavo mi sivijui.

Kingine, kwenye barua yako nimesikia mawifi, nimesikia mama, nimesikia mpaka saluni. Yeye baba D wa watu mwenyewe anasemaje? Muulize leo mkiwa wawili tu, afu niandikie.