Maswali na majibu: Vinyago vya Wayoruba

Egungun ni mtu aliyejivika kinyago, au ni mzimu?

Kwa Wayoruba, watu wa Nigeria na Benin, wenye mila hiyo, anayetoka na vazi lililofanyiwa tambiko si fulani wa mtaa wa pili tena. Ni ara orun, mkazi wa ulimwengu wa wahenga, aliyekuja kuwabariki wanawe, kuwaonya na kuamua ugomvi. Ndiyo maana husema kwa sauti nzito ya kukwaruza, na hata anayemtambua hamtaji jina.

Vazi lake limetengenezwaje?

Ndani huwa na gunia linalobana mwili, la mikanda ya kitambaa kilichofumwa kwa mkono, mistari ya nili na nyeupe, linalokumbusha sanda. Usoni kuna wavu wa nyuzi. Mikono na miguu hufunikwa. Juu yake huning'inia tabaka za vitambaa virefu, mara nyingi mahameli na vingine vya bei, vilivyozungushiwa pindo jekundu lenye meno ya msumeno. Ukoo huongeza vitambaa vipya juu ya vile vya zamani, kwa hiyo vazi kongwe ni zito sana. Akizunguka kwa kasi, vitambaa vinafunguka na upepo wake unapokewa kama baraka. Vazi lililotundikwa makumbusho, limetulia tuli, halikuonyeshi hata nusu ya kazi yake.

Kosa kubwa ni ngozi ya mvaaji kuonekana, au mtazamaji kumgusa. Kwa sababu hiyo atokun, msindikizaji wake, hutembea naye akiwa na fimbo au mjeledi wa kutenga watu.

Kwa hiyo wanawake hawana nafasi?

Wanayo. Siri ya vazi inashikwa na wanaume, lakini Iya Agan, cheo cha mwanamke, yumo ndani ya chama chenyewe. Tena kuna Gelede, yenye asili yake Ketu, Benin ya leo: wanaume hucheza, mara nyingi wakiwa na maumbo ya kike, ili kuwaheshimu na kuwaridhisha akina mama wazee, ambao nguvu zao huaminiwa kujenga na kubomoa. Kinyago cha mti hukaa utosini, mvaaji akiona kupitia kitambaa cha usoni. Usiku wa kutangulia, Efe, kinyago cha usiku, huimba akiwakemea wakosaji. UNESCO iliitangaza Gelede kuwa urithi mwaka 2001.

Vinafanana na mapiko ya Wamakonde?

Kwa usiri na kwa heshima ya waliotangulia, ndiyo. Ila lipiko (umoja wa mapiko) ni kichwa cha mti chenye sura, na ngoma yake imefungamana na jando na unyago. Egungun wengi hawana sura ya kuchongwa.

Nikiwa Lagos siku ya Eyo, sherehe ya vinyago vya mji huo, nichunge nini?

Eyo haifanyiki kila mwaka; hutolewa kumuenzi Oba (mfalme), chifu au mtu mashuhuri aliyefariki. Ukiingia Lagos Island, vua viatu, usivute sigara, usipite na baiskeli wala pikipiki. Wanawake wasisuke suku, ile mitindo inayopanda hadi utosini. Anayekiuka huchapwa kwa opambata, fimbo ya Eyo. Wanaocheza Eyo wote huvaa nguo nyeupe, basi tazama kofia: nyeusi ni ya Adimu, mkubwa wao, na nyekundu ni ya Laba, kundi jingine la Eyo.