Maporomoko ya kuogelea karibu na Nairobi: kutembea ni nusu siku, safari ni siku nzima

Dada aliyeanzisha uzi huu anapokea dada yake na shemeji kutoka Mombasa wikendi ijayo. Anataka awapeleke msituni na mwelekezi, watembee nusu siku, wafike kwenye maporomoko yaliyojificha, waogelee, na ikifika saa nane mchana wawe wamerudi mjini wanasubiri nyama choma. Majibu yote hapo juu nimeyasoma: Karura, Karura, Fourteen Falls, Karura. Naomba nami niseme langu, maana mambo haya nimeyafanya kwa miguu yangu, na raba moja niliiacha hukohuko.

Dadangu, unataka vitu vitatu na Nairobi inakupa viwili. Msitu upo. Maporomoko yapo, hata ndani ya jiji. Maji ya kuingiza mwili ndiyo hayapo. Ajabu yenyewe ni kwamba jina la jiji letu ni la maji: Wamasai waliita mahali hapa Enkare Nairobi, maji baridi. Baridi bado ni baridi, hilo sibishi.

Karura ni msitu mzuri, zaidi ya hekta 1,000, na kila nikiingia namkumbuka Wangari Maathai na wenzake waliopigwa huko Januari 1999 wakizuia usikatwe viwanja. Njia zina alama, mapango yapo, maporomoko yapo, na mwelekezi humhitaji hata kidogo. Lakini kuogelea hakuruhusiwi, na hata kungeruhusiwa, nenda ukasimame pale chini siku moja baada ya mvua kubwa uvute pumzi. Utajijibu mwenyewe. Oloolua kule Karen nako ni vivyo hivyo: kivuli kizuri, pango, maporomoko madogo, na mto Mbagathi ambao umepita kwenye mitaa mingi ya watu kabla haujakufikia. Nenda kwa matembezi, beba chapati, rudi mkavu.

Fourteen Falls, upande wa Ol Donyo Sabuk, ndiyo inayopendekezwa na watu ambao hawajatazama ramani. Yanapendeza, sikatai, hasa mto ukiwa umejaa. Ila ule ni mto Athi, na mto Nairobi unaingia Athi huko juu kabla haujafika kwenye maporomoko. Yaani maji yaliyopita soko la Gikomba mjini ndiyo mtu anayopigia picha akiwa na chupi ya kuogelea. Vijana wa pale wanaruka kutoka juu kwa hela kidogo. Watazame, wape chao, usiwaige.

Kama saa ulizo nazo ni sita tu, mimi ningewapeleka Kereita, juu ya Kimende, pale msitu wa Nyandarua unapoishia kwa kusini. Unatoka Westlands saa kumi na mbili asubuhi kwa barabara ya Naivasha, unapewa mwelekezi, mnapita kwenye mianzi hadi kwenye maporomoko, na mchana mpo mjini. Maji ni masafi zaidi kuliko yetu ya mjini, lakini ni ya mlimani, baridi yake inauma mifupa. Watu wengi huingia hadi magotini, wanapiga kelele, wanatoka. Shemeji wa Mombasa aliyezoea bahari kama chai ya uvuguvugu atakulaumu hadi Krismasi.

Sasa, mahali ambapo vile vitatu vinakutana ni msitu wa Ngare Ndare, mbele ya Timau. Na angalia jina: hiyo ngare ni ileile enkare ya Nairobi. Tofauti ni kwamba ya huko bado ni maji. Tatizo ni moja, ni mbali. Nairobi hadi Nanyuki peke yake ni kama kilomita 200, halafu unapita Timau ukielekea njia ya Isiolo ndipo unakata kushoto kwenye vumbi. Tulitoka Githurai saa kumi alfajiri, tukasimama Karatina kwa chai na mandazi, tukafika langoni yapata saa tatu na nusu. Kutembea na kuogelea kulituchukua hadi saa saba. Saa mbili usiku ndiyo nilikuwa navua viatu nyumbani. Kwa hiyo matembezi ni ya nusu siku kweli, lakini mwili utahesabu siku nzima. Mwenye uwezo alale Nanyuki.

Huko mwelekezi si wa hiari, na usione kama wanakula pesa zako. Msitu ule ni njia ya ndovu wanaoshuka na kupanda kati ya hifadhi ya Lewa na Mlima Kenya, na nyati wamo. (Tafadhali tuandike mwelekezi. Juzi kuna mtu hapa aliandika kwamba walipewa "gaidi mpole sana aliyewatembeza msituni", nikaisoma mara mbili.) Wetu alikuwa kijana wa maneno machache. Mahali fulani alisimama, akaugusa mlima wa kinyesi kwa ncha ya buti, akachota vumbi na kuliacha lidondoke kati ya vidole kuona upepo unaelekea wapi. Vumbi likaja usoni kwetu. Akatabasamu, tukaendelea, kwa sababu harufu yetu ilikuwa inakwenda nyuma. Hatua hamsini mbele, alituonyesha matawi yaliyovunjwa yakiwa bado yanatoa utomvu. Ndovu wenyewe hatukuwaona, na mimi sikulalamika.

Miti ni mutarakwa (mierezi) na mutamaiyu (mizeituni mwitu), mikubwa, magamba yake yamepasuka kama visigino vya mzee. Juu yake kuna daraja la nyaya na mbao, mita 450, linalopita kwenye vilele vya miti. Mwenye kuogopa urefu asidanganywe kwamba halitikisiki. Linatikisika, hasa kama nyuma yako yupo binamu mwenye utani wa kijinga. Daraja linaisha, unashuka, unasikia maji kabla ya kuyaona, halafu unayaona na unanyamaza. Ni mabwawa ya samawati. Si samawati ya picha zilizopakwa rangi kwenye simu, ni yenyewe. Unaona mawe ya chini kabisa, na maporomoko yanaanguka kando.

Hapo ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu ya huyo shemeji.

Binamu yangu ni wa Likoni. Ameogelea tangu hajajua kusoma. Alifika ukingoni, akavua shati, akaruka. Alipoibuka macho yalikuwa yamemtoka, mdomo wazi, hewa haiingii. Baridi ya ghafla inafunga kifua, na mtu hutaka kuvuta pumzi kwa nguvu wakati kichwa bado kiko chini. Halafu kuna jambo la pili ambalo watu wa pwani hawalifikirii: maji ya chumvi yanakubeba, haya hayakubebi. Mtu aliyezoea kujilaza juu ya bahari kama yuko kitandani, huku anazama kidogo na kushangaa. Na karibu na mahali maji yanapoangukia, penye povu jeupe, ni vibaya zaidi, kwa kuwa nusu ya lile povu ni hewa, na hewa haishikiki. Juu yake maji yanayoanguka yanakurudisha chini. Kijana wa msitu alimwambia tu, "Kaka, ingia polepole kutoka pale kwenye kina kifupi, lowesha shingo kwanza, na usipite lile jiwe." Mara ya pili aliingia kama binadamu, na alifurahi kuliko sisi wote. Kwa hiyo mwambie shemeji mapema, mkiwa bado nyumbani, maana mwanamume akiambiwa mbele ya watu huruka kwa makusudi.

Na kabla hamjalipa mtu yeyote, sikilizeni habari ya raba yangu.

Miaka kadhaa kabla ya Ngare Ndare nilijiunga na safari ya kikundi kimoja, sikitaji, iliyotangazwa WhatsApp: maporomoko ya siri, kilomita nne, kuogelea, chakula juu yao. Ilikuwa upande wa Murang'a, wiki za mvua ya masika. Zile kilomita nne zilikuwa kumi kwa saa yangu ya mkononi, na chakula kilikuwa ndizi mbili na soda moto. Lakini jambo moja walilifanya vizuri, walimchukua mzee wa kijiji kile atuongoze. Koti la suti lililochakaa, gambuti, panga lililofungwa kwa mpira wa tyubu. Tulipofika kwenye maji sisi tulikimbilia simu na picha. Yeye aliinama, akatafuta jiwe dogo jeupe, akaliweka pale pale maji yanapokutana na mchanga. Kisha akakaa juu ya mzizi akawasha sigara, mgongo kwa maporomoko, macho kwenye jiwe.

Nilidhani ni mila.

Tulikuwa ndani kama dakika ishirini hivi alipoinuka na kusema, "Tokeni." Jua lilikuwa linawaka. Wenzangu wakaanza: mzee, tumelipa, tumetembea masaa, tuongeze kumi tu. Hakubishana. Alionyesha lile jiwe, na jiwe halikuwepo, lilikuwa chini ya maji vidole viwili. Akaonyesha juu ya maporomoko, na pale mdomoni maji yalikuwa yameanza kuleta majani, kwanza moja moja, halafu mafungu, na vijiti. "Huko juu kumenyesha," alisema. "Nyinyi hapa mna jua, mto hauna habari na jua lenu." Tukatoka tukinung'unika. Kabla sijamaliza kuvaa soksi maji yaligeuka rangi ya chai ya maziwa, na ule mwamba tulioanikia viatu ulipotea kama uliofutwa. Raba yangu ya kushoto ilikwenda mbele ya macho yangu. Hakuna aliyetamka neno "tumelipa" tena. Njia ya kurudi niliitembea na mguu mmoja umefungwa mfuko wa plastiki na kitambaa, na mzee alikuwa akinichagulia pa kukanyaga pasipo na thabai, yale majani yanayowasha, bila hata kugeuka nyuma.

Ndiyo kisa cha ukali wangu na watu wanaosema njia ipo kwenye simu, mwelekezi wa nini. Njia ni rahisi, hata mbuzi anaijua. Unamlipa mtu anayejua mto ule ukoje ukibadilika. Kule Hell's Gate watu walisombwa korongoni mwaka wa 2012, na tena mwaka wa 2019, kwa sababu hiyohiyo ya mvua inayonyesha juu wewe ukiwa chini kwenye mawe, na ukuta kushoto na kulia. Mahali pa namna hiyo hupati muda wa kufikiri.

Kwa hiyo ukimpigia mtu wa kukupeleka, usianze na bei. Muulize mvua ikinyesha huko juu mnatokea wapi. Anayejua atakueleza njia ya pili bila kusita, pengine na jina la mti. Anayesema "usijali, hapa hakunaga shida", mshukuru ukate simu. Bei iulize baadaye, na uiulize ikiwa imevunjwavunjwa: kiingilio, mwelekezi, daraja, gari. Kila kimoja hutozwa peke yake, na watu hugombania langoni kwa sababu bango liliandika kimoja tu.

Aprili na Mei acheni. Novemba nayo iangalieni. Januari, Februari na kuanzia Julai hadi Septemba ndiyo miezi ya raha, ingawa asubuhi za Julai Timau zitawatetemesha.

Vitu vya kubeba si vingi. Raba zenye meno, si zile nyeupe za kwenda kanisani. Suruali ndefu kwa ajili ya thabai na siafu. Nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na sweta, hata kama Nairobi kuna joto siku hiyo. Njugu karanga na maji ya kunywa, kwa sababu baada ya kuogelea kwenye baridi njaa inakuja kama deni. Taka zenu mrudi nazo. Na hela za mwelekezi mpeni mkononi mwake au kwenye M-Pesa yake, si kupitia kwa dereva.

Mkishindwa kwenda Ngare Ndare wikendi hii, nendeni Kereita, mlowe magoti, mrudi mle nyama yenu saa nane. Si vibaya hata kidogo.

Na kama kuna mdau wa upande wa Murang'a aliyewahi kuokota raba ya kushoto, namba 42, ya kijivu, anitumie ujumbe. Ile ya kulia bado ninayo.